Gauni Kutoka Handeni

Jumapili, 30 Novemba

Rosina anakuja Krismasi. Fabiani ameniambia tukiwa njiani kutoka kanisani, amembeba Isaka mabegani, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha nyumbani. Na si kuja tu. Januari anataka kumchukua Dorkasi akaanze darasa la kwanza Handeni, maana sasa amepata chumba kizuri na biashara yake ya chakula imesimama.

"Wewe umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimesema tutaona baada ya Krismasi."

Tutaona! Huyo ndiye mume wangu. Shambani anaendesha trekta la kubebea mkonge na watu wanampisha, lakini simuni hawezi kumwambia hapana mwanamke aliyeachana naye. Rosina alipoondoka Isaka alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Mimi ndiye niliyemfundisha kwenda chooni. Mimi ndiye niliyekaa na Dorkasi wodini malaria ilipompanda kichwani. Nayaandika hapa kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitaambiwa nasimanga.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 1 Desemba

Mwalimu Rhoda wa shule ya Jumapili alitushauri wazazi tangu mwezi uliopita: kila siku ya Desemba wafanyieni watoto jambo moja dogo la kuingojea Krismasi, lisilo na gharama. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Desemba kwa fundi cherehani si mwezi wa michezo. Kitanda cha wageni kimejaa vitambaa vya watu, na kila mwenye kitambaa anataka chake kiwe cha kwanza.

Lakini leo nimeamka kabla ya jogoo. Nimeokota vipande vilivyobaki chini ya cherehani, nimeshona vifuko vidogo vidogo, nimevitundika kwenye kamba ya katani kutoka msumari wa dirishani hadi wa mlangoni. Ndani ya kila kifuko kuna karatasi yenye picha ya kazi ya siku hiyo. Isaka hajui kusoma na mimi sijui kuchora, kwa hiyo tumelingana.

Cha leo: mnyororo wa karatasi. Tumekata kalenda ya zamani na kugundisha kwa uji wa ngano. Isaka amekula gundi. Dorkasi amesema, "Mama, hii ndiyo Krismasi nzuri kuliko zote," na ndiyo kwanza tarehe moja.

Nimwone huyo wa kunichukulia.

Jumanne, 2 Desemba

Kifuko: kumpelekea jirani karanga za kukaanga. Watoto wameshika sahani wote wawili mpaka kwa Bi Mwatumu, karanga nusu zimebaki njiani. Sahani imerudi na maandazi. Yeye hufunga Ramadhani na sisi hungoja Krismasi, lakini sahani tupu haijapita kati ya nyumba hizi mbili tangu nihamie Kwamndolwa.

Jumatano, 3 Desemba

Nimegundua jambo. Nikiwa na watoto peke yangu, mimi ni mama. Simu ya Rosina ikilia, nageuka mama mdogo. "Mama mdogo ametutundikia vifuko!" Dorkasi alimwambia hivyo leo jioni, na hakuna aliyemfundisha. Ameona tu kwamba kiti ni kimoja na akaamua nani akae.

Nilikuwa nakuna nazi. Nimekuna mpaka kifuu.

Ijumaa, 5 Desemba

Sasa mwenzangu naye ameanza. Amepiga simu ya video saa moja usiku, na nyuma ya kichwa chake, ukutani, kuna mnyororo wa karatasi. Mrefu kuliko wetu, tena wa zile karatasi zinazong'aa za kufungia zawadi. "Na mama naye anangoja Krismasi pamoja na nyinyi," anasema. "Kesho kifuko kikisema nini mniambie, na mimi nifanye."

Watoto wamepiga makofi. Halafu Isaka akautazama mnyororo wetu wa kalenda, wenye nusu ya uso wa mbunge na tarehe za mwezi wa tano, akauliza kwa nini wetu hauwaki.

Jumapili, 7 Desemba

Mshumaa wa pili wa Majilio. Mvua kubwa. Padri amehubiri habari za kumtengenezea Bwana njia, nami nikawa nafikiria ile ya Handeni, kwamba ingefaa ibomoke.

Jumatatu, 8 Desemba

Kifuko: tawi la mvinje la kuwa mti wa Krismasi. Fabiani amelileta kwenye trekta, limejaa siafu. Nyumba nzima tumecheza ngoma tusiyoijua. Jioni Dorkasi amemsimulia Rosina siafu walivyompanda baba yake, na Rosina akacheka mpaka simu ikaanguka. Fabiani naye akacheka. Walicheka pamoja, mmoja Handeni, mmoja kwenye kochi langu.

Nimesema nina kazi, nimetoka nje.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimeshona kutwa. Kifuko: kuimba. Wameimba.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo Rosina amepiga simu yangu mimi. Haijawahi kutokea.

"Shikamoo ya kazi, mdogo wangu," ameanza kwa utani, kisha akawa makini. "Yusta, samahani nakusumbua. Nataka kumshonea Dorkasi gauni la Krismasi. Najua wewe ndiye fundi, na ningekupa wewe ushone. Ila nataka angalau mara moja nije na kitu kilichotoka kwangu. Nakuomba vipimo vyake."

Kama angeniamuru, ningemjibu. Angenidharau, ningemjibu vizuri zaidi. Lakini ameomba, na kwa adabu, na mtu akikuomba kwa adabu unabaki na hasira yako mkononi huna pa kuitupa. Nikamwambia nitampigia.

Nikamwita Dorkasi, nikavua futi shingoni, nikampima huku ananyanyua mikono na kucheka, maana futi humtekenya makwapani. Kifua inchi ishirini na nne. Kiuno ishirini na tatu. Nikamwambia nenda kacheze. Nikapiga simu.

"Kifua ishirini na moja," nikasema. "Kiuno ishirini."

"Bado mwembamba hivyo?"

"Ndivyo alivyo."

Urefu nilitaja wa kweli, ili lawama imwangukie fundi wa huko.

"Asante sana, Yusta. Mungu akubariki."

Sikuitikia amina. Ningependa kuandika kwamba moyo ulinisuta. Haukunisuta. Nilirudi kwenye cherehani nikashona sketi tatu bila kuinua kichwa, na zote zimenyooka. Kisha nikatoa kile kitambaa cha njano nilichokuwa nimekificha tangu Oktoba, nikaanza kulikata gauni langu mimi la Dorkasi. Siku ya Krismasi atavaa litakalomtosha, na mwenye macho ataona nani anamjua mtoto.

Jumamosi, 13 Desemba

Kifuko: wanyama wa hori la Yesu, kwa udongo wa kichuguu. Dorkasi amefinyanga ng'ombe watatu na punda mmoja. Isaka amefinyanga trekta. Nimeliweka karibu na mtoto Yesu, sikuwa na moyo wa kulikataa.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Wanasema Mto Pangani umejaa kule Old Korogwe na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Wenye mahindi wanamshukuru Mungu barabarani kwa sauti. Mimi nimemshukuru kimyakimya na kumwomba aongeze, na sababu zangu hazikuwa mahindi. Ikinyesha hivi wiki moja zaidi hakuna basi litakalotoka Handeni.

Gauni la njano limekwisha. Nimelificha juu ya kabati.

Jumatano, 17 Desemba

Jua kali. Anga halina hata wingu la kuazima.

Alhamisi, 18 Desemba

Kifuko: kuchagua nguo zilizowapungua na kuwapa wengine. Dorkasi ametoa kila kitu, hata soksi moja. Nilipokuwa nazikunja nimeona blauzi yake ya mwaka jana na nikashangaa jinsi alivyotanuka mabega. Rosina hakuyaona mabega hayo yakitanuka. Nilipita haraka kwenye wazo hilo.

Bi Mwatumu alikuja kumenya mihogo kivulini kwangu. Akanitazama, akasema, "Unajua, mke wa kwanza wa marehemu mume wangu alikuwa anakuja hapa kila Iddi kuona watoto wake. Mimi nikiingia chumbani nafunga mlango, natafuna kanga."

"Ikawaje?"

"Ikawa nina kanga zenye matundu."

Akaendelea kumenya. Sijamwambia habari ya vipimo. Sijui kwa nini alinitazama hivyo.

Jumamosi, 20 Desemba

Visheti. Mkupuo wa kwanza umeungua kwa sababu nilikuwa nasikiliza simu. Rosina anawafundisha wimbo kwa Kizigua. Mimi Msambaa wa Gare nasikia nusu na nusu nakisia, na katika kukisia huko kila neno nalisikia kama linanisema mimi.

Wateja wamenifuata hadi jikoni. Mmoja nimemwambia suruali yake iko tayari, bado kuikata tu.

Jumatatu, 22 Desemba

Amefika. Amefikia kwa shangazi yake Old Korogwe, na saa nne asubuhi alikuwa uwanjani kwetu anapiga hodi, amesimama nje ya mstari wa kivuli mpaka nilipomwambia karibu.

Simu ilikuwa inanionyesha uso tu. Nilikuwa nimeumba mwili wa kuufuata: mnene, wa manukato, kucha ndefu. Mwanamke aliyeingia ni mwembamba kuliko mimi. Mikono yake ina madoa ya mafuta ya moto hadi viwikoni, na viatu vyake vimeshonwa ubavuni. Nilivunjika moyo. Ni kazi kumchukia mtu mwenye viatu vya kushonwa, ingawa nilijaribu.

Isaka alijificha nyuma ya sketi yangu na kunikumbatia mguu. Raha niliyoipata sitaiandika yote. Lakini Dorkasi alitoka mbio kutoka kisimani, ndoo akaiacha ibingirike, akamrukia mama yake shingoni, na wakakaa hivyo kwa muda mrefu mno mbele za watu.

Kisha akamshika mkono akampeleka kwenye kamba. "Mama, leo ufungue wewe."

Kila siku wanagombea wao kwa wao nani afungue, mpaka nimeweka zamu. Mimi sijawahi kuambiwa nifungue. Hata sikuwahi kuwaza kwamba nataka kufungua, hadi nilipoviona vile vidole vyenye madoa vinafungua fundo nililolifunga mimi.

Mchana mteja akaita barabarani, "Mama Dorkasi!" Tukaitika wote wawili, "Abee!" Mteja alicheka. Sisi hatukucheka.

Jumanne, 23 Desemba

Imetokea leo, na nilikuwepo, na sikufumbua mdomo kwa faida ya mtu.

Amelileta gauni limefungwa kwenye kanga mpya. Satini nyekundu, lesi nyeupe shingoni, mikono ya puto. Fundi wa Handeni anajua kazi, mishono imetulia. Dorkasi alipiga kelele. Rosina akamvalisha palepale sebuleni, mbele ya Fabiani, chini ya mnyororo wa karatasi.

Likapita kichwani. Likakwama makwapani. Rosina akavuta kidogo, akamgeuza, akavuta tena. Zipu ikaacha wazi mgongo mzima, pengo pana kama kiganja changu. Dorkasi akavuta pumzi, akaingiza tumbo ndani, akasimama wima kama askari wa gwaride. "Linaingia, mama. Funga tu. Linaingia."

Haikufunga.

Nilikuwa nimeingoja saa hii siku nyingi. Nilijua atamlaumu fundi, au atanigeukia mimi, na nilikuwa na maneno tayari kwa yote mawili. Rosina hakunigeukia. Alimvua mtoto, akakaa chini, gauni mapajani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Yusta alinipa vipimo vizuri kabisa," akamwambia Fabiani. "Nitakuwa nimeviandika vibaya. Au niliandika vya mtoto niliyemwacha." Akalikunja gauni. "Mwanangu mwenyewe simjui ukubwa."

Akalia. Kilio kisicho na kelele, cha kuinamisha kichwa. Fabiani akaangalia sakafu. Rosina alipomaliza kujifuta akasema, "Abaki huku. Aanze shule hapa, kwa anayemjua. Mimi nitakuwa nakuja."

Basi nimeshinda. Dorkasi ni wangu. Nimeandika sentensi hiyo na kuisoma, na naona ni nzuri.

Usiku Dorkasi hakula. Alisema ameshiba.

Jumatano, 24 Desemba

Asubuhi uji wake umebaki kikombeni. Nikadhani ni furaha ya sikukuu. Mchana nimepika wali na maharage, na nikamwona kwa pembe ya jicho anachota kijiko baada ya kijiko kutoka sahani yake na kutia kwenye ya Isaka. Isaka anakula kwa ajili ya wawili bila kuuliza maswali.

"Dorkasi, kwa nini huli?"

Akamtilia Isaka kijiko kingine.

"Unaumwa?"

"Siumwi." Akaangalia mlangoni kama kuna mtu, kisha akaninong'oneza, "Nikikonda mpaka kesho, gauni la mama litaniingia. Halafu hatalia tena. Nimemliza mimi, kwa sababu nimenenepa."

Nikamwambia hajanenepa. Akanijibu kwa upole, kama anayemfariji mtu mzima, "Mama mdogo, si uliona zipu."

Nilikaa pale na mwiko mkononi. Mtoto ana njaa tangu jana, na ninayemshindisha njaa ni mimi. Wivu wangu bado ulikuwepo, haukuondoka hata kidogo, nasema kweli. Ila haukunitosha tena kunikalisha kitini.

Nikalichukua lile gauni jekundu, Rosina alikuwa ameliacha kwenye kochi, nikamwachia Bi Mwatumu watoto, nikapanda bodaboda mpaka Old Korogwe. Rosina alikuwa uani kwa shangazi yake anasugua masufuria kwa mchanga. Sikukaa.

"Hukuandika vibaya," nikasema. "Mimi nilikutajia vibaya. Kifua chake ni ishirini na nne. Nilijua."

Akaacha kusugua. "Rudia."

Nikarudia.

"Jana nililia mbele yako."

"Ndiyo."

"Ukawa unaniangalia."

"Ndiyo."

"Nikasema sina haki ya mtoto wangu, na wewe umesimama pale na futi shingoni."

"Ndiyo."

Akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi anipige tukamaliza. Mikono yake ilikuwa na masizi. "Basi nisikilize. Dorkasi nakwenda naye. Sitangoja Januari, nakwenda naye baada ya sikukuu. Na usinijibu."

"Sitakujibu."

"Kwa nini umekuja kuniambia leo?"

Nikamweleza habari ya sahani ya Isaka. Alinawa mikono haraka haraka, akajifunga kanga, akatangulia barabarani kutafuta bodaboda, nami nikamfuata.

Nyumbani alimwita Dorkasi, akachuchumaa mbele yake. Nikasema moyoni, sasa atamwambia, na mtoto hatanitazama tena. Rosina akasema, "Gauni ndilo lililokosea, wewe hukukosea. Gauni linarekebishwa. Mtoto anakula." Basi. Dorkasi amekula sahani mbili na visheti juu yake.

Kisha tumekaa barazani, yeye na mimi. Yeye anafumua mishono ya ubavuni kwa wembe, mimi nalikata gauni la njano. Ndiyo, lile langu. Dukani wameshafunga, na hakuna kitambaa kingine ndani cha uzito ule. Nilipolitoa juu ya kabati akaliangalia, akaniangalia, akaelewa lilikuwa la nani. Mkasi ulipopita kifuani mwa lile gauni niliuma meno. Nimeingiza vipande viwili vya njano, kimoja kila ubavu, kutoka kwapani hadi kwenye pindo.

Hatukuzungumza, isipokuwa "nipe wembe" na "shika hapa."

Kifuko cha leo wamefungua Isaka na baba yake: kupiga viatu vya nyumba nzima rangi. Fabiani amevipiga hadi vile vya Rosina, alivyoviacha mlangoni. Nimeona.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Kanisani watu wamemzunguka Dorkasi baada ya Misa. "Jamani, fundi wa Handeni ana mikono! Angalia hiyo njano ubavuni, ndiyo mtindo wa sasa!" Mwalimu Rhoda amemwomba Rosina namba ya simu ya fundi huyo. Rosina akasema, "Nitakutafutia." Hakunitazama. Nilisimama pembeni nimemshika Isaka, kazi yangu inasifiwa kwa jina la fundi nisiyemjua, na sikuwa na haki hata ya kukohoa.

Pilau tumekula wote nyumbani. Fabiani akaona watu wameshiba, akasafisha koo. "Kwa hiyo Dorkasi anabaki, kama tulivyosema juzi."

"Anakwenda na mimi," Rosina akasema. "Isaka abaki kwanza, hajanizoea. Nimebadili mawazo."

"Kwa nini?"

Hapo kijiko changu kilisimama hewani. Shemeji zangu wawili walikuwepo, na midomo yao naijua. Rosina akavuta sufuria, akamwongezea Fabiani pilau. "Mama akimtaka mtoto wake kuna kwa nini?" Habari ikaishia hapo.

Angeweza kunianika. Hakunianika. Nimemwonea wivu hata kwa hilo.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimemwambia Fabiani mwenyewe. Amekoroga chai yake mpaka ikapoa. "Mimi ndiye niliyesema tutaona," amesema mwishowe. "Ningesema neno moja lililonyooka mapema, msingeshindana." Sikumbishia. Kisha tumekunja nguo za Dorkasi pamoja, na yeye hajui kukunja.

Jumamosi, 27 Desemba

Stendi, saa tatu. Manyunyu. Dorkasi amekaa dirishani ndani ya basi la Handeni, anamwonyesha Isaka aliye mikononi mwa baba yake jinsi ya kuchora kwenye kioo chenye ukungu. Alilia asubuhi, aliponikumbatia. Aliniita mama, na mama yake alikuwa amesimama hapo hapo. Nimelihifadhi hilo.

Rosina alibaki chini na mimi, mlangoni pa basi.

"Ungenyamaza angebaki kwako," akasema.

"Najua."

"Hukujua kama nitamchukua ukisema?"

"Nilijua. Alikuwa hali chakula."

Akavuta kanga kichwani. Kondakta alikuwa anaita abiria wa mwisho. Rosina akauliza huku anaangalia tairi la basi, "Asubuhi anakula nini?"

Nikaona ilivyomgharimu kuuliza. Nikaona pia jinsi ninavyoweza kumjibu: chai na andazi, na angehangaika na mtoto mwezi mzima bila kujua kosa liko wapi. Nimeiona njia hiyo, imenyooka mbele yangu, na ulimi wangu unaifahamu.

"Uji wa ulezi," nikasema. "Uuache upoe, lakini usiutoe utando wa juu. Anautoa mwenyewe kwa kidole, ukimtolea anasusa. Dagaa anakula, toa vichwa, anasema wanamwangalia. Msuke mchana. Ukimsuka jioni anakesha kichwa kinamuuma. Akikwambia ameshiba, mtazame sahani ya aliye karibu naye."

Rosina alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, midomo inacheza kama mtu anayekariri.

"Kingine?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Si hayo tu. Kulikuwa na kimoja, na nilikuwa nimeamua tangu jana kwamba hicho hakiendi Handeni. Lazima nibaki na kitu. Dereva akawasha injini. Rosina akaweka mguu kwenye ngazi, na dirishani Dorkasi akanipungia mkono.

"Rosina." Akageuka. "Usiku wa kwanza atashindwa kulala. Usimwimbie. Lala karibu yake umpe sikio la kushoto alishike. Analishika tu hivi, kwa vidole viwili, mpaka usingizi umchukue."

Alinitazama. Kisha alivua hereni ya sikio la kushoto, akaifunga kwenye pindo la kanga, akapanda.